Perth Hadi Calgary kwa Njia ya Nyuma

Nyinyi vijana mnaonunua tiketi za ndege mkiwa mmelala kitandani, siwaonei wivu. Mimi nimepumzika. Magoti yangu hayataki tena zile ngazi za kupanda ofisini, na macho yamechoka na kioo cha kompyuta. Ofisi yenyewe haiko. Pale nilipokaa miaka yote hiyo nikikatia watu tiketi, sasa kuna kijana anauza vifuniko vya simu. Lakini mjukuu wangu ananisumbua niandike kitu kwa wale wanaoanza kazi, hata kama kazi yangu mimi imekufa. Nimekubali kwa sababu nimeketi tu, na mvua ya Kericho ikishaanza mchana hairuhusu mtu kutoka.

Kwa asili mimi si wa huku. Baba alitoka upande wa ziwa akaja kufanya kazi kiwanda cha chai, tukazaliwa kwenye laini za kampuni, zile nyumba za wafanyakazi, na tukacheza na watoto wa majirani kwa Kipsigis kabla hatujajua Kiswahili cha maana. Hiyo lugha ndiyo iliyonipatia kazi. Mama Wairimu, aliyekuwa mwenye ofisi, alitaka mtu wa kumweleza mzee wa Boito, kwa maneno ya nyumbani kwake, kwamba ndege haisimami njiani watu wakanunua mahindi ya kuchoma.

Mambo mengi ya kazi nilifundishwa na huyo mama, na mengi yalikuwa juu ya masaa. Alinikalisha siku ya kwanza akanionyesha tiketi. "Soma hapa. Anaondoka saa ngapi, anafika saa ngapi?" Nikasoma, nikatoa saa moja kwa nyingine, nikamwambia safari ni fupi sana. Akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe saa ya kuondoka ni ya mji unaotoka, na saa ya kufika ni ya mji unaoenda, na hiyo miji haijawahi kukubaliana. Mtu anaweza kuonekana kwenye karatasi amesafiri kidogo tu, na matako yake yanajua ni usiku mzima.

Halafu kuna hii saa yetu ya Kiswahili. Mwalimu mmoja wa Sosiot aliambiwa kwa simu na ofisi yetu kwamba ndege yake ni saa nne. Akaamka, akaoga, akanywa chai, akafika uwanjani Nairobi jua likiwa juu, na ndege ilikuwa imeruka kabla ya jogoo. Saa nne ya Kizungu. Tangu siku hiyo, kila mteja nilimwambia saa kwa lugha zote ninazojua, halafu nikamwambia arudie. Walidhani nimezeeka mapema. Acha wadhani.

Lakini sikukaa hapa kuwaambia juu ya mwalimu. Nataka kuwaambia juu ya Mzee Langat.

Mzee Langat alikuwa mkulima wa chai kule Boito, mjane, mtu wa kanisa na wa maneno machache. Nilimjua kwa sababu watoto wake wote wawili waliondokea kwenye meza yangu. Kiprono, mkubwa, alienda Australia, akawa fundi wa stima kwenye migodi ya upande wa Perth. Chebet, dada yake, alienda Kanada kufanya unesi, akakaa mji wa Calgary. Kila mmoja alipoondoka, mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema "kongoi", asante ya kwao, kama mimi ndiye niliyeendesha ndege.

Mama yao alipofariki, Kiprono alikuja kumzika. Chebet hakuja. Makaratasi yake ya kukaa kule yalikuwa katikati, na wakili alimwambia akitoka hatarudi. Aliona mazishi kwa simu iliyokuwa inashikwa na binamu. Kiprono hakutaka kuelewa. Alisimama pale kaburini, mbele ya watu, akasema hana dada. Mimi nilikuwepo. Watu waliangalia chini. Kutoka siku hiyo hao wawili hawakuongea, na miaka ikapita, na mzee alikuwa akipigiwa simu na huyu Jumamosi na yule Jumapili kama watu wa dini tofauti.

Siku moja mzee akapanda ngazi zangu. Alikuwa amelowa mabegani na hakuvua kofia. Hakusalimia vile alivyozoea.

"Mama Apiyo," akaniambia, "kutoka Perth mpaka Calgary ni mbali namna gani?"

Nilidhani amechanganya. Watu huuliza kutoka hapa mpaka kule. Hakuna mtu wa Boito anayeuliza kutoka kule mpaka kule kwingine.

"Unataka kwenda wapi, Mzee?"

"Mimi siendi popote. Chebet anapasuliwa kichwa Alhamisi. Wamepata kitu kimemea ndani. Na mtoto wake hana mtu."

Aliketi. Nilimwacha apumue. Chebet alikuwa na msichana mdogo, Neema, ambaye hata shule hajaanza, na baba wa mtoto alikuwa ameenda zake zamani. Kuna jirani angeweza kukaa naye mchana, lakini jirani naye alikuwa na kazi ya zamu. Mzee alikuwa ameshafikiria kwenda mwenyewe. Nikamwambia ukweli: viza yake haingetoka wiki hiyo wala mwezi huo. Kiprono alikuwa ameshachukua pasipoti ya kule aliko, na kwa hiyo pasipoti kibali cha kuingia Kanada hutolewa kwa mtandao, mara nyingi siku hiyo hiyo.

"Ndiyo maana nimekuuliza," akasema. "Nataka kujua kabla sijampigia. Ataniambia ni mbali, na mimi nitakosa la kumjibu."

Ukutani tulikuwa na ramani ya dunia, ya karatasi, iliyopauka. Mzee akaiendea. Akaweka kidole Perth, upande wa kulia kabisa chini, halafu akatafuta Calgary na mkono ule mwingine, upande wa kushoto juu. Mikono yake ikawa imetanuka kabisa. Akanigeukia akiwa amesimama hivyo.

"Haiwezekani. Atapita juu yetu hapa."

Nilitoa ile ramani kwenye misumari. Nikaikunja kama unavyokunja mkeka, mpaka ukingo wa kulia ukagusa ukingo wa kushoto, nikamwonyesha mahali pa kuunganikia. Bahari tupu. Kutoka Perth unavuka Australia mpaka Sydney, zaidi kidogo ya saa nne. Kutoka Sydney unavuka hiyo bahari yote mpaka Vancouver, kama saa kumi na nne ukiwa kwa kiti. Halafu kuruka kidogo juu ya milima, Calgary. Ukiweka na kungoja kwenye viwanja, ni kama siku nzima na robo. Kwa kilomita, ni zaidi ya kutoka kwetu mpaka kwa yeyote kati yao.

Mzee alishika ile ramani iliyokunjwa, akaigeuza polepole.

"Kumbe wanapakana kwa mgongo," akasema.

Nilimpigia Kiprono kwa simu yangu, kwa sababu mzee alikuwa na mulika mwizi tu, ile simu ndogo ya tochi. Nikaiweka sauti ya juu kwenye meza. Kwetu ilikuwa mchana. Kule jua lilikuwa limeshazama.

"Mama Apiyo? Kuna nini? Baba yuko sawa?"

"Niko hapa," mzee akasema. "Dada yako anapasuliwa kichwa Alhamisi."

Nikaangalia kama simu imekatika.

"Sikujua, Baba."

"Ungejuaje? Hamuongei." Mzee hakupandisha sauti. "Nataka uende."

"Baba, unajua huko ni wapi? Ni upande mwingine wa dunia. Hakuna hata ndege moja inatoka hapa mpaka kule."

"Najua. Ni tatu. Mama Apiyo amenionyesha."

"Niko kazini. Niko jangwani, sijamaliza zamu."

"Waambie una mgonjwa."

Halafu Kiprono akasema lile lililokuwa moyoni. "Yeye hakuja kwa Mama."

Nilitaka kutoka nje niwaachie ofisi, lakini mzee akaniinulia mkono nikae.

"Hakuja," akasema. "Na aliyekufa alikuwa bibi yangu. Mimi ndiye nililala kwenye nyumba tupu, si wewe. Umeshawahi kunisikia nikimlaumu Chebet? Nilinyamaza nikingoja mmalize wenyewe. Nimengoja, Kiprono. Nimechoka sasa."

"Nitamwambia nini nikifika?"

"Sijakwambia uongee na yeye. Nimekwambia ukae na mtoto. Kukaa na mtoto si lazima uwe na maneno."

Halafu Kiprono akasema, "Mama Apiyo, nitafutie njia. Hapa mtandao unakatika."

Sasa sikilizeni, nyinyi wa simu, hapa ndipo kazi ilipokuwa. Njia zilikuwa nyingi kwenye kioo. Kulikuwa na moja ya haraka, tiketi mbili za kampuni mbili tofauti, imepangwa vizuri kuangalia. Nikaiacha. Nikachukua ile ambayo safari yote iko kwenye tiketi moja, hata kama ilikuwa na kungoja zaidi. Tiketi ikiwa moja, ndege ya kwanza ikichelewa, ni shida yao wenyewe kukutafutia nyingine. Zikiwa mbili, ni shida yako, na unaweza kulala uwanjani na mizigo ukiangaliwa na watu. Mama Wairimu aliniimbia hilo mpaka nikawa naliota. Nikamchagulia Kiprono kiti cha pembeni kwa njia, kwa sababu ni mtu wa miguu mirefu, na nikamwandikia abebe sweta mkononi, asiweke kwenye sanduku. Mtu wa jangwani husahau kwamba kuna baridi duniani.

Kwa mpango wangu angefika Jumatano jioni, akamkuta dada yake nyumbani kabla hajaenda hospitali. Wangeonana angalau usiku mmoja. Nilifurahia huo mpango. Nilimchorea mzee kwenye bahasha kuukuu, akaikunja akaweka mfukoni mwa koti.

Kukatokea dhoruba Perth. Ndege ya kwanza haikuruka kwa wakati. Kiprono alifika Sydney akakimbia, na alipofika mlangoni wakamwonyesha kwa dirisha ndege yake ikirudi nyuma. Aliniandikia neno moja tu: "Imeniacha."

Walimpa kiti kwenye ndege ya kesho yake, bila maneno, kwa sababu ya ile tiketi moja. Lakini kesho yake ilikuwa Alhamisi.

Kumwambia mzee ilikuwa kazi. Alikuja Alhamisi asubuhi na gari la kwanza, amevaa tai, kama mtu anayekuja kupokea wageni. Nikamweleza. Nikajaribu kumpoza na ile ajabu ya kazi yetu, kwamba katikati ya ile bahari kuna mstari wa tarehe, kwa hiyo Kiprono ataondoka Sydney Alhamisi jioni na kufika Vancouver Alhamisi hiyo hiyo, mchana.

Aliwaza kidogo. "Kwa hivyo wanamrudishia siku."

"Wanamrudishia masaa, Mzee."

"Lakini Chebet atakuwa ameshaingia."

"Atakuwa ameshaingia."

Akaitoa ile bahasha, akaiangalia, akairudisha. Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu. Nilikuwa nimefanya kila kitu kama nilivyofundishwa, na bado mwanamke alikuwa anaenda kufunguliwa kichwa akiwa peke yake, na ndugu yake amekaa kwenye kiti cha chuma Sydney. Hii kazi ina siku kama hizo. Unapanga, halafu upepo unavuma mahali hujawahi kufika.

Chebet alimpigia baba yake kabla ya kuingizwa. Kule ilikuwa alfajiri. Sikusikia yale waliyoongea; mzee alienda kusimama kwenye ngazi na simu yangu. Aliporudi alisema tu kwamba ameomba naye, na kwamba Neema ameachwa kwa jirani akilia.

"Umemwambia Kiprono yuko njiani?"

"Sikumwambia. Nilihofia asipofika."

Sikulala vizuri. Mzee alikaa kwa dada yake pale mjini ili asiwe mbali na simu yangu. Ijumaa asubuhi Kiprono akaniandikia kwamba ametua, na kwamba baridi ya pale si ya binadamu. Baadaye akaniandikia tena. Mtoto amekataa kuja kwake. Amejibanza nyuma ya kochi la jirani, hataki kushikwa, hataki kula, na akimwongelesha Kiswahili haelewi, akimwongelesha Kizungu anaziba masikio. "Amefanana na Mama," akaandika. "Hata vile anakasirika."

Halafu hatukusikia kitu tena. Mchana ukapita. Mzee alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono magotini. Wateja wawili waliingia wakauliza mambo yao wakaenda. Nikampa chai, akashukuru, ikapoa mkononi mwake. Mvua ikaanza, ikapiga mabati kwa nguvu.

Simu ililia jioni ikikaribia. Ilikuwa ya picha. Nikaona kwanza uso wa nesi mmoja, Mzungu, halafu akaigeuza, na pale kwenye mto kulikuwa na Chebet. Kichwa kimefungwa kitambaa cheupe, jicho moja limevimba. Nikampa mzee haraka kabla sijaanza kulia.

"Baba."

"Mama yangu." Wazee wa huku huwaita binti zao hivyo wakizidiwa. "Unanijua?"

"Nakujua. Umevaa tai." Sauti yake ilikuwa ndogo, maneno yakija moja moja. "Baba, kuna mtu amelala hapa kwa kiti. Anakoroma kama wewe."

Nesi akasogeza simu. Tukaona Kiprono, miguu imetupwa mbele, sweta imevaliwa ndani nje, kichwa kimeanguka nyuma, mdomo wazi. Na juu ya kifua chake yule mtoto, amelala pia, amemshika sikio.

"Alikuja saa ngapi?"

"Sijui. Nilifungua macho nikamkuta hivyo."

"Mmeongea?"

"Bado." Akapumzika. "Baba, ni wewe ulimtuma?"

Mzee alifikiria hilo swali, na mimi nikaona akikataa uongo.

"Nilimwambia. Lakini kuna bahari pale. Mimi siwezi kumvusha bahari."

Chebet akafunga lile jicho zima. Nilidhani amelala. Halafu akauliza, "Akiamka nitamwambia nini?"

"Mwulize kama amekula."

Nesi akasema inatosha, mgonjwa apumzike, na picha ikakatika.

Chebet alipona, kama mnataka kujua. Polepole, na mguu wa kushoto haujawahi kuwa ule wa zamani, lakini alirudi kazini, na Neema ameanza shule. Kiprono alikaa mpaka nyuzi zikatolewa, kisha akarudi jangwani kwa njia ileile ya bahari. Sitawadanganya kwamba waliombana msamaha kwa machozi. Mzee aliniambia siku ya tatu waligombana vibaya, kwa sababu Kiprono alipika ugali ukawa maji, na Chebet akamwambia hata Mama angeona aibu. Mzee alisimulia hilo kama anasimulia harusi. Siku hizi wanaongea, si sana. Ni watu wa baba yao.

Ramani sikuirudisha ukutani. Ilikuwa imezoea kujikunja.

Watu wakiniuliza kama naikosa kazi, nawaambia hapana, na ni kweli. Nilichoka. Kila siku nilikuwa nawasukuma watu waende mbali na wale wanaowapenda, na nilipolipwa kuwarudisha, mara nyingi walikuwa wamechelewa kidogo. Lakini nikikumbuka jambo moja la kule ofisini, ni ile jioni ya Ijumaa baada ya simu kukatika.

Mzee alinirudishia simu yangu, akaifuta kwanza na mkono wa koti. Akasema atapumzika dakika moja halafu aende stendi, gari za Boito hazijaisha. Akavua kofia, mara ya kwanza wiki hiyo, akaiweka juu ya meza yangu. Kabla sijamaliza kuzima mashine alikuwa amelala, kidevu kimeshuka kwenye tai. Mama wa kufagia akaja na ndoo yake mlangoni, akanionyesha kwa kichwa kwamba saa ya kufunga imefika. Nikamwambia aniachie ufunguo.

Mvua ilikuwa imepungua. Nikavua viatu chini ya meza, nikakaa.